Wiki mbili za misheni: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Salaam nyingi katika jina la Bwana. Umeniuliza mambo mawili: ujiandae vipi kwa safari ya misheni ya wiki mbili ng'ambo na timu ya kanisa lenu, na kama si heri hizo fedha za nauli zitumwe tu kwa kanisa mnalokwenda kulitembelea. Nalianza hilo la pili, kwa sababu jibu lake ndilo litakalokuongoza katika maandalizi.

Si kila safari inafaa kufanyika. Kama mnakwenda kupaka rangi ukuta ambao mafundi wa kule wangeupaka vizuri zaidi na kujipatia riziki, tumeni fedha, ninyi mbaki. Lakini kama kanisa la kule limewaita, likasema linahitaji nini, na kwenye timu wapo wanaoiweza kazi hiyo, nendeni kwa moyo mkunjufu. Kwa hiyo muulize kiongozi wenu mapema: nani ametuomba tuje? Ameomba tufanye nini? Tukishaondoka, nani ataendeleza? Akikutajia watu kwa majina, nitatulia. Akikuonyesha ratiba tu, omba timu izungumze kwanza na mchungaji wa kule kwa simu kabla hamjalipa nauli.

Wapo wanaosema ziara fupi haina faida. Soma Matendo 17. Kule Thesalonike Paulo alihojiana na watu katika sinagogi kwa sabato tatu, kisha fujo zikazuka, ndugu wakawatoa yeye na Sila usiku kwenda Beroya. Aliliacha nyuma kanisa changa lenye mateso. Lakini tazama alivyolishughulikia. Alipokuwa nao alifanya kazi usiku na mchana asimlemee mtu, jambo analolikumbusha mwenyewe katika 1 Wathesalonike 2:9. Alipotengana nao, hakuvumilia kukaa bila habari zao. Akamtuma Timotheo arudi kuwaimarisha, na Timotheo alipoleta habari njema, akawaandikia. Kanisa lile lilisimama. Ukitaka wiki zako mbili zizae kitu, zipange pamoja na miezi itakayozifuata: nani atawapigia simu, nani atawaandikia, na kama mmeahidi vitabu au mafunzo, vitafika lini na kwa mkono wa nani.

Kuhusu makaratasi nitasema kwa ufupi. Nchi nyingi hutaka pasipoti iwe na angalau miezi 6 kabla ya kuisha, na iwe na kurasa tupu, basi ikague leo. Juu ya viza sina mzaha. Mtu akikuambia uandike tu kwamba unakwenda kutalii ilhali unakwenda kuhubiri, kufundisha au kutibu, kataa. Zipo nchi zenye viza au kibali maalumu kwa kazi za dini na za kujitolea. Ulizeni ubalozi wao, mpate jibu la maandishi. Udanganyifu ukigundulika, ninyi mtapandishwa ndege mrudi, lakini wenyeji wenu watabaki pale kuhojiwa. Usiwaletee ndugu zako mzigo huo.

Afya nayo inataka muda. Nenda kliniki ya wasafiri wiki 4 hadi 6 kabla ya safari, ukiwa na orodha ya mahali pote mtakapopita, hata pale mtakapobadilisha ndege. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo sindano ya dakika za mwisho haitakusaidia mpakani. Kama ulishachanjwa na cheti unacho, tangu Julai 2016 kanuni za kimataifa zinakitambua kwa maisha yako yote. Mkienda penye malaria, daktari atakuchagulia vidonge vya kinga. Vipo vinavyoanzwa siku moja au mbili kabla, na vipo vinavyohitaji wiki mbili au zaidi. Ukirudi unaendelea navyo, siku 7 kwa baadhi, wiki 4 kwa vingine. Hapa ndipo wengi hulegea, maana mtu akishalala kitandani kwake anajiona yuko salama. Vimalize. Na ukipata homa katika miezi ya kwanza baada ya kurudi, hata kidogo, nenda hospitali siku hiyohiyo na utaje nchi uliyotoka. Dawa zako za kila siku zibaki kwenye paketi zake, pamoja na cheti cha daktari, ndani ya mkoba unaoingia nao kwenye ndege. Bima ya safari iwe ile inayolipia pia kusafirishwa hadi hospitali kubwa ukizidiwa.

Sasa nije kwenye lile ninaloliwaza zaidi, yaani utakavyokaa na watu.

Kwa miaka niliyokaa kwenye kamati ya kupokea wageni kanisani, nimewaona wengi wakija kwa upendo wa kweli. Waliotufaa zaidi walikuwa wale waliouliza kabla ya kushika kazi, na waliokubali kuongozwa. Bwana alipowatuma wale sabini katika Luka 10, aliwaambia wakae katika nyumba ileile iliyowapokea, wale na kunywa wanachopewa, wasihamehame. Aliwatuma wakiwa wahitaji wa ukarimu wa wengine. Na wewe kubali kupokea. Usitafute malazi bora kuliko ya wenzako, wala usimkatae mwenyeji kwa uso. Kama kuna chakula kinachokudhuru, kiongozi awaarifu mapema kwa adabu.

Ukipewa nafasi ya kuhubiri, utasimama na mkalimani. Nusu saa yako itakuwa robo saa, kwa hiyo andaa neno moja ulilolielewa vizuri. Sema sentensi fupi iliyokamilika, kisha nyamaza. Mpe maandiko utakayosoma siku moja kabla, ili ayatafute katika Biblia ya lugha yao. Achana na mafumbo na vichekesho vya kwenu. Na mtazame msikilizaji machoni, si mkalimani. Jifunze pia salamu za lugha ya pale, namna ya kushukuru na namna ya kuomba radhi, watakuvumilia matamshi.

Kuhusu watoto, nakuomba uwe mkali hata ukionekana msumbufu. Usikae peke yako na mtoto mahali pasipoonekana. Usipige picha ya mtoto bila ruhusa ya mzazi au mlezi, na usiirushe mtandaoni ikiwa na jina lake na mahali anapoishi. Kama ratiba yenu ina kituo cha yatima, ulizeni mnakwenda kufanya nini hasa. Watoto wengi walio katika vituo hivyo duniani wana mzazi aliye hai, na mtoto aliyekwisha kuachwa huumia upya kila mgeni anayemkumbatia kwa siku chache na kutoweka. Ningefurahi zaidi mkiwahudumia walezi wao, au mkisaidia familia zisitengane na watoto wao.

Wapo watakaokueleza shida zao kando, wakikuomba ada, simu, au uwatafutie njia ya kuhama. Sikiliza kwa heshima, omba nao, wala usiahidi kitu. Mpelekee mchungaji wao habari hizo, kwa idhini ya mwenye shida. Fedha ikitolewa, ipitie mikono ya kanisa lao, wanaojua nani ni mjane kweli na nani alisaidiwa juzi. Na kama wewe si muuguzi, usimchome mtu sindano kule eti kwa sababu wauguzi ni wachache.

Timu yenu ikutane mara kwa mara kuanzia sasa, mkiomba, mkisoma Neno na mkiambiana ukweli juu ya hasira na uchovu wa kila mmoja. Kugombana mbele ya wenyeji kunaharibu mahubiri yote. Barnaba na Sauli walitumwa na kanisa la Antiokia baada ya kufunga, kuomba na kuwekewa mikono, na waliporudi walilikusanya kanisa lile wakatoa habari. Basi wanaokuchangia waombe pia wakuombee, na uwape hesabu ya kila senti mtakaporudi. Ushuhuda wako wa siku hiyo uwatendee haki wenyeji: simulia imani yao na kazi yao, si umaskini wao peke yake.

Mimi nitachangia sehemu ya nauli, na kiasi kama hicho nitakipeleka kwa kanisa la kule kwa njia watakayoichagua wao. Nitumie nakala ya pasipoti yako, namba ya kiongozi wa timu na jina la mchungaji anayewapokea. Yeye pia nataka nimwombee, na nitaendelea hata ninyi mkiwa mmekwisha kurudi.

Mama yako akupendaye