Mwanangu, hao njiwa mnawapeleka wapi?

Mwanangu,

Voisi yako nimeisikiliza mara tatu, ya kwanza jikoni, ya pili baada ya Isha, ya tatu nishazima taa niko kitandani, na hiyo ya tatu ndiyo iliyonikosesha usingizi. Umeniuliza jambo moja tu, kwamba mkataba unaisha mwezi ujao na kampuni wanataka usaini miaka miwili mingine, sasa mama nisaini au nirudi nyumbani, manake wenzako wanakucheka eti umesoma mpaka diploma halafu kazi yako Dubai ni kufukuza njiwa kwenye mahoteli. Nitakujibu inshallah. Lakini kuna neno umelisema haraka haraka hapo katikati ukapita, na mimi sikuweza kulipita.

Umesema wale njiwa mnaowanasa kwa vizimba kwenye maghala wanapakiwa kwenye lori, wanapelekwa mbali wanaachiliwa.

Mbali wapi?

Kazi ya mwewe mimi sina neno nayo, tena naipenda. Ile vidio uliyonitumia Ramadhani, alfajiri bado giza, umevaa glavu ya ngozi na yule mwewe wa Harris kakukalia mkononi anageuza shingo kutazama taa za hoteli, nimeionyesha nusu ya mtaa. Ukanieleza si ndege wa Uarabuni huyo, asili yake Marekani, na kwao wanawinda kwa kundi ndio maana wanazoea watu upesi. Ukanieleza kila siku kabla hajaruka mnampima kwenye mizani kama mtu anavyopimiwa nyama buchani, akiwa kashiba kupita kiasi hamumrushi manake hatarudi mkononi. Na kwamba hatumwi kuua, anazunguka jengo tu, leo saa hii kesho saa ile, mpaka njiwa wenyewe wanaona hapa hapakaliki wanahama. Hiyo naielewa. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na njiwa vivyo hivyo, kaogopa, karuka, kaenda anakotaka yeye. Zile nyavu na ile miiba ya chuma mnayopanga kwenye kingo za madirisha pia naielewa, inamnyima pa kukaa basi. Babako alipotoka Hija alisema kule Maka njiwa wa Haram hata kuwafukuza haifai, nikajiuliza na hii yenu je, lakini Dubai si Haram, na hoteli nayo ina haki yake, mtu hawezi kula chini ya kinyesi. Kwa hiyo hapo sina ugomvi.

Ni vile vizimba na lile lori ndio siwaelewi.

Wewe umekulia chini ya njiwa, usinambie umesahau. Unakumbuka yule bwana wa Gede aliyenunua kwa babako jozi tatu? Babako akamwambia wafungie mwezi mzima, usiwatoe mpaka watage hapo kwako, njiwa akitaga ndio kapajua kwao. Yule bwana akawabeba kwenye kikapu kimefunikwa kanga, akapanda matatu, siku ya tatu haraka zake akawafungulia. Alasiri ile ile babako kapanda kwenye slebu, juu ya paa, kuwapa mtama, akaniita kwa sauti mpaka nikadhani kaanguka. Sita wote! Wamejipanga kwenye ukingo kama hawakwenda popote, na yule wa uzi mwekundu mguuni yuko mbele anadai chakula. Kutoka Gede kuja Malindi ni kama kilomita 15, na walipelekwa ndani ya kikapu kimefunikwa, hawakuiona njia. Babako alicheka mpaka machozi. Na Ijumaa yule bwana alipokuja kuwafuata wewe ulimficha wa uzi mwekundu chini ya kitanda changu, ukasema yeye asirudi Gede kwa kuwa keshasema hapataki. Babako akarudisha pesa yote. Alisema kiumbe kikishakuchagua mara mbili hukiuzi tena.

Basi niambie. Njiwa wa mashindano anarudi kutoka mamia ya kilomita. Huyu wa ghalani hajafundishwa lakini ni njiwa manga huyo huyo, damu ile ile. Mkimpeleka mpaka Abu Dhabi, kilomita 140 hivi, kwa njiwa mwenye nguvu ni mwendo wa masaa tu. Hata wasirudi wote, baadhi yao wangerudi. Na wewe kwenye voisi umesema, tena kwa furaha, "mama, wakienda hawarudi kabisa."

Hapo ndipo nilipokaa kitako.

Sasa nikwambie kitu ambacho nyinyi watoto hamkijui. Mnajua niliacha kazi ya hoteli kwa sababu ya mgongo. Mgongo ulikuwepo, lakini haukuwa mgongo.

Ilikuwa 2001, wewe uko darasa la pili, mimi niko jikoni katika hoteli moja pale ufuoni. Kurabu, wale kunguru wa kigeni, walikuwa wamezidi. Wanatua mezani wageni wamekaa, wanachukua mkate kwenye sahani, wanapasua pakiti za sukari, wanachafua vitambaa. Meneja akatuita akasema kuna mtu anakuja kuwaondoa. Neno lake lilikuwa hilo, kuwaondoa, kwa upole, bila bunduki bila fujo, mgeni hataona kitu. Nikapewa mimi kukata nyama vipande vidogo vidogo, kila alfajiri niiweke kwenye sinia nyuma ya jiko. Nikauliza sasa mbona tunawalisha? Nikaambiwa wazoee kwanza, ndipo wanaswe wahamishwe. Nikaamini, kwa nini nisiamini.

Siku ya kwanza walikaa juu ya mnazi wakanitazama tu. Siku ya tatu akashuka mmoja. Wiki ilipokwisha walikuwa wakinisubiri mimi, na kurabu unavyomjua ana akili, uso wa mtu anaushika, akitoka mpishi mwingine hawashuki. Kulikuwa na mmoja mguu wa kushoto umepinda, vidole vimejikunja kama ngumi ya mtoto, anarukaruka kwa mguu mmoja na wenzake wanamnyang'anya. Yeye nikawa namtupia chake pembeni, pale kwenye ngazi ya mlango. Ikawa akiniona tu anakuja ngazini moja kwa moja.

Siku ya tisa akaja yule mtu na kopo la unga, kavaa glavu, akachanganya na nyama yangu niliyokata. Akanambia peleka kama kawaida, mimi wataniogopa. Nikapeleka mimi, kwa mkono huu. Na wa mguu nikamtupia chake.

Hawakufa pale. Ile dawa, Starlicide, inamaliza figo taratibu, ndege anakwenda siku nzima au zaidi. Mchana wakaanza kushuka kwenye bwawa la kuogelea kunywa maji. Anakunywa, anainua kichwa, anakunywa tena, hata watoto wa wageni wakimrushia mpira hashtuki. Asubuhi yake tukatumwa mimi na kijana wa bustani na magunia, tuwahi kabla wageni hawajaamka. Yule wa mguu nilimkuta kwenye ngazi, pale pale, mbawa zimefunuka kidogo, jicho liko wazi. Alikuwa bado ana joto.

Tulichimba shimo nyuma ya mivinje. Na jembe liko mkononi nikakumbuka madrasa, kisa cha Kabili, alipomuua nduguye hakujua amfanye nini maiti, Mwenyezi Mungu akamleta kunguru akafukua ardhi kumuonyesha vipi amstiri. Mwanadamu kafundishwa kuzika na kunguru. Nikasimama nikashindwa kuchimba, yule kijana ndiye aliyemaliza. Mwezi haukwisha nikaacha kazi.

Najua utasema mama, kurabu tena? Na mimi nimejisemea hivyo miaka yote hii. Shekhe nilimuuliza, akanambia kunguru ni katika wale watano walioruhusiwa kuuliwa hata ndani ya Haram, yeye na mwewe na nge na panya na mbwa mwenye kuuma. Na ni kweli anadhuru, anakula mayai na makinda ya ndege wadogo, vifaranga vya mamako mkubwa kamaliza vingapi. Baada ya ile dawa, miezi michache tu, nilianza kuwaona wale ndege wadogo, chozi, kwenye maua yetu hapa nyumbani, nilikuwa sijawaona miaka, na nilifurahi walahi. Mpaka leo sijui nifanye nini na ile furaha. KWS nao, shirika la wanyamapori la Kenya, 2024 walitangaza watawamaliza kurabu milioni moja, na wataalamu wana sababu zao, siwezi kusema wamekosea. Siwezi pia kusema wamepata.

Ila hili nitalisema mpaka nife na unalijua, ndege haji ila kaitwa. Huyo kurabu kwao India, aliletwa Unguja miaka ya 1890 ale taka za mji, akaletwa na watu kwa kupenda kwao, na kufika 1947 alikuwa keshaonekana Mombasa. Taka tukamwongezea, akazaana, ndipo tukamwita adui. Pale hotelini mapipa ya mabaki yalikuwa mawili nyuma ya jiko, hayana vifuniko. Nilisema jamani vifuniko, nikaambiwa vitanunuliwa. Dawa ikanunuliwa, vifuniko havikununuliwa. Na kurabu wakarudi, wangekosaje kurudi. Hata hayo maghala yenu, kama kuna nafaka inamwagika kwenye mlango wa kupakulia na hakuna anayefagia, mtanasa njiwa mpaka Kiyama.

Halafu naona nimekwenda mbali na nilichotaka kusema. Kuua si ndiko kulikonichoma peke yake. Mtume kasema mkiua basi ueni vizuri, maana yake kuna kuua kunakoruhusiwa na kuna namna yake. Kilichonichoma ni kwamba niliambiwa wanahamishwa, na mimi kwa mkono ule ule nikawaambia wale ndege njooni. Wangenambia ukweli labda ningekataa, labda ningekubali, nilikuwa na watoto watatu na kodi ya nyumba, sijui. Lakini ningekuwa nimechagua mwenyewe.

Kwa hiyo wewe hujadanganya mtu, hilo nalijua, wewe unasema ulichoambiwa. Lakini hujasema umeona. Umesema "wanapelekwa." Hebu siku moja omba kupanda hilo lori. Usigombane na mtu, sema tu nataka kujifunza kazi yote, msimamizi mzuri atafurahi. Kama wanaachiliwa, waone wakiruka. Kama wanauliwa, jua wanauliwa, na ujue kwa namna gani, na mwenye hoteli naye ajue, asilipie upole kumbe hakuna.

Na jengine, kabla hamjaziba tundu lolote au kufunga wavu, chungulia ndani. Njiwa anataga mayai mawili, siku 18 hivi wanaangua, halafu makinda yanakaa kiotani mwezi na zaidi, mama na baba wote wanawalisha, mwanzoni kwa maziwa ya kooni. Ukifunga wavu mama akiwa nje, makinda yatalia siku mbili halafu yatanyamaza. Ngoja. Mwambie mteja wiki saba. Babako alingoja hata njiwa aliyetaga ndani ya ndoo yangu ya kufulia, nikafua kwa beseni mpaka makinda yakaruka, unakumbuka.

Sasa kuhusu mkataba. Hao wanaokucheka waache, kazi ya kumfanya mtu na ndege wakae bila kuuana si kazi ya kuchekwa, na ukiwa na yule mwewe mkononi nakuona umesimama kama babako kwenye slebu. Hapo ningesema saini. Lakini nikikumbuka ngazi ya lile jiko nasema rudi leo leo. Nikikumbuka ada ya dadako nasema saini tena. Unaona basi, usinilazimishe, manake nikisema nitasema la moyo wangu na wewe ndiye utakayeamka alfajiri kuliishi. Nilikuwa nishaandika jibu hapa nikalifuta. Lilikuwa neno moja.

Panda lori kwanza. Alhamisi usiku nitakupigia, uniambie lilielekea wapi, na mlango wa nyuma ulipofunguliwa uliona nini.

Mamako