Usiitie Friza Nyama Ikiwa Bado ya Moto

Wazazi wa mume wangu walipokuja kutusalimia kwa mara ya kwanza, nilidamka saa 11 alfajiri siku mbili kabla kwenda buchani. Nilitaka nyama ya kwanza kabisa, ambayo haijashikwashikwa. Nikapata kilo 3 za paja, zina uvuguvugu wake, na kipande kimoja kilikuwa bado kinachezacheza pale mezani. Nilirudi nyumbani ninatembea kama niliyeshinda bahati nasibu. Nikaikata vipande, nikaisukuma friza, nikaendelea na kazi nyingine.

Nyama ile ilikaa motoni zaidi ya saa mbili, moto unawaka, maji yanaruka. Baba mkwe alitafuna kipande kwa staha ya mtu mzima. Nikamwona anakihamisha kutoka shavu hili kwenda lile, halafu, alipodhani siangalii, akakisogeza pembeni ya sahani na kukifunika kwa ganda la ndizi. Hakusema neno. Afadhali angesema.

Kwa muda mrefu nilimlaumu ng'ombe. Na kweli ng'ombe wetu ana mambo yake. Huyu hakulishwa pumba zizini akanenepa upesi. Ametembea akila majani, kiangazi akakonda, masika akajazia, na si ajabu akafika mnadani akiwa na miaka sita au zaidi. Nyama yake ina ladha nzito na mafuta machache, na mafuta yenyewe mara nyingi yana umanjano unaotokana na majani (kuna watu huikimbia wakidhani ni ugonjwa). Mnyama wa namna hiyo ana misuli iliyofanya kazi na kano zilizokomaa. Lakini bibi yangu alipika ng'ombe haohao, na nyama yake ilikuwa inaachia mfupa.

Muuza bucha ndiye aliyenifungua macho, siku nilipokwenda kulalamika. Akaniuliza, "Dada, uliifanyaje ulipofika nayo nyumbani?" Nikamwambia. Akacheka. "Ikiwa bado inacheza hivyo haijatulia. Wewe umeigandisha kabla haijatulia."

Nilipofuatilia nikakuta mzee yule anajua asemacho. Ng'ombe akishachinjwa, msuli unabaki na nguvu iliyohifadhiwa ndani yake. Nguvu ile inapoisha, msuli unakakamaa, na kwa ng'ombe shughuli hiyo huchukua saa kadhaa, hata siku nzima. Baada ya hapo vimeng'enya vilivyomo ndani ya nyama yenyewe huanza kuulegeza taratibu. Ukiigandisha kabla haijakakamaa, nguvu inafungiwa humo. Siku unapoiyeyusha, msuli unajikunja kwa kishindo, maji yanamwagika, na unabaki na raba. Kuikata vipande vidogo mapema kunaongeza tatizo, kwa sababu hakuna tena mfupa wa kuushikilia msuli usijikunje.

Kwa hiyo siku hizi nyama ya moto hailali friza. Naiacha pande kubwa, naiweka kwenye bakuli lililofunikwa kwa wepesi, sehemu ya chini ya friji penye baridi kali, na inakaa humo siku 2. Ikizidi ni 3. Nikitaka kuigandisha, ni baada ya hapo. Kama huna friji, usiilaze mezani kwa matumaini haya, hasa kwa joto la Dar. Ipike siku hiyohiyo, ila iwe ya mchuzi na uipe muda.

Jambo la pili ni sehemu unayonunua. Tunapenda kusema "nipimie steki" kwa sababu haina mfupa na inaonekana ya heshima, kisha tunaichemsha saa 3 mpaka inakuwa kama makumbi. Sarara na steki laini zinataka moto wa haraka. Kwa sufuria, omba kidari, shingo, au ile nyama ya muundi yenye kano nyeupe katikati. Kano hizo ndizo faida yako: zikipikwa polepole zinayeyuka na kuufanya mchuzi uwe mzito, hata ukiacha sufuria usiku, asubuhi unaukuta umeganda ukitikisika.

Mimi huanza na tangawizi, kitunguu saumu na chumvi, naiacha nyama ikauke maji yake yenyewe, kisha naongeza maji ya moto kiasi cha kuifunika nusu tu. Hatua inayofuata ndiyo niliyokuwa ninaikosea kila siku. Maji yakianza kuruka, napunguza moto mpaka uso wa mchuzi unatoa povu moja hapa, jingine kule. Kwenye jiko la mkaa, toa makaa kadhaa na yaliyobaki yafukie kwa majivu. Moto mkali hauharakishi kano kuyeyuka kwa kiasi tunachodhani. Unachofanya ni kuzikamua nyuzi maji, na nyama inaweza kuchambuka huku ni kavu mdomoni. Muundi hunichukua kama saa 3. Kwa presha kuka ni dakika 40 hivi, na uiache presha ishuke yenyewe.

Kwa mishikaki mbinu ni nyingine. Itazame nyama upande ambao nyuzi zinakimbilia, kisha ikate kwa kuzikatiza, vipande vyembamba. Kwaruza papai bichi pamoja na ganda lake, kijiko kimoja kwa kilo, nusu saa inatosha. Niliwahi kuisahau usiku kucha, na asubuhi nikakuta uji wa nyama. Ushauri wa mapishi ya kigeni kwamba nyama ibaki nyekundu katikati mimi siufuati, tegu bado wapo. Naiivisha yote, ila siiachi motoni baada ya kuiva.

Na wale wanaotia vidonge vya paracetamol sufuriani ili nyama ilainike, tafadhali acheni. Ile ni dawa, haikutengenezwa kuchemshwa na mchuzi, na mnaowapikia hamjui nani ana ini gani.

Nikiwa na wageni wa Jumapili, napika jioni ya Jumamosi. Nyama inapoa ndani ya mchuzi wake, inalala frijini, mchana napasha moto kwa upole na kuongeza nazi. Baba mkwe anaamini nimehama bucha, nami sijamkatalia.