Utani wa Wakanada na Wamarekani una wenyewe

Mwaka wangu wa kwanza Windsor, mji wa jimbo la Ontario, Kanada, unaotazamana na Detroit ya Marekani ng'ambo ya mto, jirani alinialika jikoni kwake nami nikaharibu. Ni bibi mstaafu, alikuwa nesi. Walikaa watu watano wakiwacheka Wamarekani: eti wanavuka daraja mwezi wa Julai wakiulizia theluji iko wapi, bia yao ni maji yaliyopita karibu na shayiri. Nikaona nisiachwe nyuma. Nikasema Wamarekani hawana adabu, wote wale wale.

Kicheko kikakatika. Bibi akainuka kuchemsha maji ya chai ambayo yalikuwa yameshachemka. Mumewe ndiye aliyenitoa gizani wakati ananisindikiza: dada yake bibi ameolewa Michigan, Marekani, na bibi mwenyewe alifanya kazi hospitali moja ya Detroit kwa miaka ishirini na ushee, akivuka mto kila asubuhi.

Mimi Mnyamwezi sikuwa na kisingizio. Kwetu Mzaramo, mtani wetu, anakuja msibani, anazuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote, anamsema marehemu kwa ubahili wake, na wafiwa wanacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Mpita njia akijaribu hayo hayo atatolewa kwa fimbo. Basi ndugu yangu unayehamia huku, shika hili kabla ya koti la baridi: ukiwakuta wanataniana, cheka kidogo, usichangie. Na usimwite Mkanada Mmarekani, hata kwa bahati mbaya. (Mama yangu Tabora mpaka leo anawaambia watu niko Marekani. Nimeshaacha kumsahihisha.)

Mtani hupimwa siku ya msiba, na hawa wamepimana. Tarehe 6 Desemba 1917 meli mbili ziligongana katika bandari ya Halifax, Kanada, moja imesheheni baruti. Mlipuko uliua watu wapatao 2,000. Usiku ule ule treni ya madaktari na dawa iling'oka Boston, Marekani, ikapambana na theluji njia nzima. Mpaka sasa Nova Scotia, jimbo lenye Halifax, hupeleka Boston mti mkubwa wa Krismasi kila mwaka, kwa shukrani. Septemba 11, 2001, anga ya Marekani ilipofungwa, ndege 38 zilielekezwa Gander, mji mdogo wa Newfoundland, Kanada, wenye watu kama 10,000. Wageni zaidi ya 6,000 wakashuka bila taarifa. Wenyeji wakawalaza mashuleni, makanisani na majumbani, wakawapikia siku kadhaa.

Hapa Windsor huo ujirani unauona kwa macho. Mji umekaa kusini mwa Detroit, kwa hiyo ukitaka kuitazama Marekani unageukia kaskazini, jambo linalomchanganya kila mgeni. Kuna daraja la 1929 na handaki la 1930 linalopita chini ya mto. Vipuri vya magari vinakwenda na kurudi mara kadhaa kabla gari halijakamilika. Mwishoni mwa Juni fataki hurushwa kutoka mtoni, na watu wa kingo zote mbili wanakaa kwenye nyasi kutazama moto mmoja. Mume wa bibi ni Mkanada wa kufa na kuzikana, ila timu yake ya hoki ya barafuni ni Detroit Red Wings. Hata daraja jipya limepewa jina la Gordie Howe, mzaliwa wa Saskatchewan aliyechezea Detroit misimu 25 na kuogopwa kwa viwiko vyake.

Hivyo viwiko vilirudi mwaka 2025. Rais Trump alipopandisha ushuru wa bidhaa na kurudiarudia kwamba Kanada iwe jimbo la 51, mwanzoni nilidhani watacheka kama kawaida. Hawakucheka. Mtani anaweza kusema nyumba yako ni yake, akianza kupima kiwanja huo si utani tena. "Viwiko juu", yaani jiandae kujihami kama mchezaji wa hoki, ikawa kauli ya kila mtu. Wimbo wa taifa wa Marekani ukazomewa kwenye viwanja vya hoki. Machi mwaka huo maduka ya pombe ya serikali ya Ontario yakaondoa chupa zote za Kimarekani. Nilimkuta bibi sokoni amevaa miwani, anageuza chungwa moja moja kutafuta lilikotoka. La Florida akalirudisha taratibu, kama anamwomba radhi.

Sasa karatasi, maana wengi wetu tuna ndugu pande zote mbili. Ukaribu wao si wako. Mkanada anaingia kutembea bila viza. Wewe mwenye pasipoti ya Tanzania na ukaazi wa kudumu wa Kanada bado unahitaji viza ya Marekani. Kama umeomba hifadhi upande mmoja na kesi haijaamuliwa, usipande gari la mtu anayekwenda "kununua vitu mara moja". Mkataba wa nchi hizi mbili kuhusu waomba hifadhi ulianza 2004, na tangu Machi 2023 unahusu mpaka wote, hata njia za porini. Muone mwanasheria kabla ya kumsikiliza mtu wa kijiweni. Tena ukiwa Detroit usiiamini sana ramani ya simu: binamu yangu aliifuata, akastukia yuko kwenye njia ya darajani isiyo na pa kugeuzia. Alitoka jasho mwezi wa pili. Na mbele ya afisa wa mpakani, jibu ulichoulizwa. Utani uuache nyumbani.

Bibi hajavuka mto tangu ile Machi ya 2025. Ameapa. Dada yake ndiye anayekuja Jumapili, na majuzi nilikuwepo alipofika na pai ya cheri za Michigan, bado ya moto ndani ya taulo. Nilimtazama bibi, nikamkumbuka na chungwa lake. Akakata kipande, akanisogezea sahani. "Hii haikupita dukani," akasema, akamgeukia dada yake kumwambia ameunguza pembeni, Wamarekani hawajui kuoka.

Mimi nilikula kimya.