Sita na tisa za mjukuu wangu

Kirumba, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata kwa mkono wa mdogo wako, ameshuka nayo melini akitoka Nansio. Mengine yote umeyaandika haraka haraka, ila hili moja umelikandamiza kalamu hadi karatasi imetoboka: kwenye kadi ya mtoto wameandika Apgar 6/9, mama mkwe wako kaiona, kasema mtoto aliyeanza na sita atakuwa mzito wa akili. Unataka ukweli, hutaki kubembelezwa. Haya.

Apgar ni jina la mtu. Virginia Apgar alikuwa daktari wa usingizi huko Marekani, na njia hii aliibuni mwaka 1952. Mkunga anatazama mambo matano: pumzi, mapigo ya moyo, viungo vinavyojikunja, anavyokunja uso au kulia akiguswa, na rangi. Kila moja linapewa sifuri, moja au mbili. Anapima dakika ya kwanza, anarudia dakika ya tano.

Umeniambia alitoka kalegea kidogo, akaguna guna, kilio kamili kikaja baada ya kusuguliwa mgongo. Basi nihesabie: moyo ulidunda zaidi ya mara 100 kwa dakika, mbili. Pumzi ya kusitasita, moja. Viungo moja, kukunja uso moja, rangi moja. Sita hiyo. Dakika nne baadaye kila kitu mbili, isipokuwa rangi, moja. Tisa hiyo.

Hiyo rangi ndiyo huwasumbua wanafunzi wa ukunga. Vitabu vinazungumzia mtoto wa waridi, na watoto wetu utawaona wapi waridi? Unatazama midomo, ulimi, viganja. Mimi nilikuwa namulika tochi mdomoni. Halafu mikono na miguu ya karibu kila kichanga hubaki na ubuluu kwa muda, kwa hiyo kumi ya dakika ya kwanza ni adimu. Nikikuta kadi imeandikwa 10/10 namshuku aliyeandika. Nami nimewahi kutenda hilo kosa: zahanati moja upande wa Sengerema, usiku wazazi wanne, mkunga peke yangu. Kulipokucha nikawajazia wote wanne 9/10 kwa kukisia. Bado linanikera.

Usiku huo huo, mtoto wa tatu alitoka kimya. Asikudanganye mtu kwamba tunakaa na saa tukingoja dakika iishe ndipo tumpe alama. Nilimkausha kwa kanga, nikamsugua mgongo, kimya. Nikakamata kitovu kwa vidole viwili pale kinapotokea tumboni. Kilikuwa kinadunda, ila polepole. Nikambana barakoa usoni, nikaanza kuminya kile kifuko cha hewa, kifua kikapanda, kikashuka, kikapanda. Kitovu kikaanza kukimbia chini ya vidole vyangu kabla yeye hajalia. Alama zilikuja baadaye, na kama nilivyokwambia, zilikuja za uongo.

Sita ya dakika ya kwanza inasema tu kwamba alihitaji kusaidiwa kidogo kuanza. Haipimi akili wala haikuwekwa kwa ajili hiyo. Ingekuwa chini ya saba hata dakika ya tano, wangeendelea kumpima kila baada ya dakika tano hadi ya ishirini, na hapo mimi mwenyewe ningepanda meli bila kungoja barua. Kadi yako ina namba mbili tu.

Sasa macho yako yawe kwenye haya: anyonye vizuri, asipumue kwa kasi huku kifua kikibonyea, asichemke wala kupoa mwili, macho na ngozi visigeuke njano. Ukiona mojawapo, siku hiyo hiyo hospitali, hata kama ni usiku.

Mama mkwe wako usibishane naye, mwachie ambebe. Nakuja Jumamosi. Samaki na machungwa huko mnayo, kwa hiyo nitaleta kanga mbili na ile tochi.

Mama yako