Mkuu wa Sakina, usinunue repita! Pima ruta yako kwanza

Mkuu, rudisha hiyo hela mfukoni. Unasema upo Sakina, Arusha, nyumba ya wapangaji sita, muziki wa Spotify unakatika kila jioni, na kesho unashuka mjini kununua repita, kile kidude cha kupokea Wi-Fi na kuirusha tena. Unauliza repita ipi na spika ipi. Repita HAKUNA. Laki na ishirini yangu iliondoka hivyohivyo, na kidude chenyewe siku hizi kinawaka taa ya bluu ukutani kama pambo la Krismasi.

Muuzaji atakwambia mawimbi yako ni dhaifu. Atajuaje na hajafika kwako? Muziki wa kilobiti 320 kwa sekunde ni theluthi tu ya megabiti moja, hata intaneti ya kinyonge inaubeba. Shida ya jioni kwenye nyumba za kupanga mara nyingi ni foleni ya hewani. Ruta (visanduku vya kugawa Wi-Fi) sita, kuta zinagusana, zote zinapiga kelele kwenye masafa ya 2.4 GHz.

Sasa repita ya bei hizo ina redio moja. Inapokea data kutoka kwenye ruta, kisha inairusha upya kwenye chaneli ileile (chaneli ni njia moja ndani ya masafa hayo). Wimbo mmoja unapita hewani mara mbili, kasi inashuka nusu au zaidi, na kwenye foleni iliyokuwa ndefu umeongeza mtu mwingine. Halafu tunaichomeka kwenye chumba kilekile chenye shida, ambako nayo inaisikia ruta kwa taabu. Simu inaonyesha vistari vimejaa, unafurahi. Vile vistari vinapima umbali wako na repita, havisemi chochote kuhusu repita na ruta. Ni sawa na kumsikia vizuri sana mpiga debe wa stendi ambaye hajui gari linaondoka saa ngapi. Na yule aliyeniuzia analijua hili! Alinishikia simu usoni, "umeona vistari, bosi?" Nimeviona. Ndivyo ninavyovisikiliza hadi leo, maana muziki haupo.

Kwa hiyo PIMA. Chukua laptop ya Windows, kaa palepale muziki unapokatika, saa mbili au tatu usiku wapangaji wote wakiwa wamerudi. Ukipima saa nne asubuhi utapata majibu matamu ya uongo. Fungua cmd (dirisha la kuandika amri), andika ping 192.168.1.1 -t, yaani unaibishia hodi ruta mfululizo na kupima inajibu baada ya muda gani (anwani ya ruta nyingine ni 192.168.0.1, angalia stika chini ya ruta). Iache dakika tano muziki ukipiga. Milisekunde chini ya 10 mfululizo, hewa yako ni safi. Ikienda 4, 6, 350, 900, halafu "Request timed out", hapo ugonjwa upo kati yako na ruta. Fungua dirisha la pili, ping 8.8.8.8 -t, hiyo ni seva ya Google huko nje. Kama ruta imetulia ila hii ya pili inayumba, tatizo liko nje ya nyumba, kamsumbue mtoa huduma wako. Hakuna repita duniani itakayokusaidia hapo.

Ikiwa ni hewa, dawa ni bure. Weka programu ya WiFi Analyzer kwenye simu ya Android, uone majirani wamejazana wapi. Ingia kwenye ruta kwa kuandika anwani ileile kwenye kivinjari, sehemu ya 2.4 GHz toa "Auto", chagua 1, 6 au 11 yenye watu wachache. Usijifanye mjanja ukaweka 3 kwa sababu iko wazi. Chaneli 3 inaingiliana na 1 na pia 6. Mkiwa chaneli moja na jirani angalau ruta zenu zinapeana zamu, mkipishana nusunusu kila mmoja ni kelele kwa mwenzake. Upana weka 20 MHz. Ile 40 inameza karibu nusu ya masafa yote.

Kama ruta ina 5 GHz, ipe jina lake tofauti na uunganishe simu huko, chaneli 36 hadi 48. Haipendi kuta za tofali za saruji, ila ukiwa chumba kimoja na ruta inatosha kabisa.

Kitu kingine ambacho hakuna muuzaji atakwambia: Bluetooth nayo inaishi kwenye 2.4 GHz. Pakua wimbo mmoja, zima Wi-Fi, upige kwenye spika yako. Bado unakatika? Basi ruta umeisingizia. Maikrowevu ikiwaka nayo inachafua masafa hayohayo, na diski ya USB 3.0 iliyobanana na ruta vilevile. Itoe ruta nyuma ya TV, iweke juu, mahali pa wazi.

Chumba cha nyuma kikigoma kabisa baada ya yote hayo, vuta waya wa mtandao wa Cat5e (unafika mita 100) mpaka kwenye ruta yoyote ya zamani. Hiyo ya zamani izimie DHCP (kazi ya kugawa anwani, aachiwe ruta ya mbele), ipe 192.168.1.2 (au 192.168.0.2 kama ya mbele ni 192.168.0.1), waya uingie tundu la LAN (la vifaa vya ndani), SIO la WAN (la kuingizia intaneti), na chaneli iwe tofauti na ya ruta ya mbele. Hiyo inafanya kile ambacho repita ilikuahidi.

Ila kabla ya waya, kabla ya chochote, pima. Weka hapa namba za ping zote mbili, za usiku.