Maswali ya sinema: Rita Hayworth na ile kauboi ya mwisho

SWALI: Shikamoo mzee. Juzi tulitazama nyumbani kauboi ya zamani, Robert Mitchum akiwa padri anayetembea na rashasha. Babu alipomwona mama yake yule adui, akasema, "Huyo si Rita Hayworth! Pombe ndiyo iliyommaliza." Ni kweli?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mjukuu. Sura babu kaijua barabara. La pombe ndilo nitakalobishana naye.

Filamu hiyo ni The Wrath of God ya mwaka 1972, iliyoongozwa na Ralph Nelson na kupigwa Mexico. Nusu kauboi, nusu mzaha, na kwangu mimi mzaha wenyewe haukukolea. Rita alikuwa na miaka 53 tu, na hakucheza nyingine tena.

Maneno yalikuwa hayamkai kichwani. Ilibidi apewe sentensi moja, aiseme, kamera isimame, ndipo apewe inayofuata. Watu wakanong'ona kwamba amelewa. Mwaka 1976 akashuka kwenye ndege London, nywele timutimu, hajui aliko. Wapiga picha wakamrukia na magazeti yakamaliza kazi. Kunywa alikunywa, sikatai. Lakini mwaka 1981 dunia ikaambiwa kuwa anaumwa Alzheimer, ugonjwa unaokula kumbukumbu, na wakati ule hata jina lake wengi hawakuwahi kulisikia. Mzee wa miaka 80 akisahau, watu humvumilia. Steringi wa kike mwenye miaka 50 na kitu, nani angefikiria maradhi?

Aliyemuuguza mpaka alipofariki, Mei 1987, ni binti yake Yasmin, ambaye mpaka leo anachangisha fedha za utafiti wa ugonjwa huo. Baba yake Yasmin ni Aly Khan, mtoto wa yule Aga Khan aliyepimwa kwa almasi Dar es Salaam mwaka 1946. Babu yako huenda anaikumbuka siku hiyo kuliko mimi.

Mwaka huohuo wa 1946 ndipo ilipotoka Gilda. Itafuteni mwitazame pamoja, hasa pale anapoimba huku akivua glavu taratibu. Sauti si yake, ni ya Anita Ellis. Hayo mengine yote ni ya Rita mwenyewe, na babu atakueleza vizuri zaidi, bibi akiwa hayupo.