Kiarmenia au Kisebuano kwa anayejua Kiswahili?

Mleta uzi ameuliza kati ya Kiarmenia na Kisebuano kipi kigumu zaidi, maana anataka kujifunza lugha moja ya mbali kwa kupenda tu, hana safari wala mchumba huko. Wengi mmemsukuma kwenye Kisebuano kwa sababu kinaandikwa kwa herufi hizi hizi zetu. Mimi nimekaa Sharjah, Falme za Kiarabu, miaka kadhaa, chumba kimoja na Wafilipino wa Cebu na Mindanao, visiwa ambako Kisebuano ndicho kinaongewa, na kazini bosi wangu alikuwa fundi Mwarmenia wa Beirut. Kwa niliyoyaona, Kisebuano kinakukaribisha mlangoni halafu kinakubana sebuleni. Kiarmenia kinakuzuia mlangoni, ukishapita unakaa.

Nianze na mlango wa Kiarmenia. Herufi zake zilibuniwa na Mesrop Mashtots mwaka 405 hivi, zikiwa 36, na nyingine chache zikaongezwa baadaye. Zinatisha kwa macho tu. Ukikaa nazo kwa utulivu zinaingia, na karibu kila herufi ina sauti yake. Kazi iko kwenye sauti zenyewe. Kiarmenia cha Yerevan, mji mkuu wa Armenia, kina d, t, na t nyingine yenye pumzi: das ni somo, tas ni kumi, na tas ya pumzi ni bakuli. Mbara atahangaika hapo. Sisi wa Mombasa tuna ahueni, kwa sababu tunatofautisha paa la nyumba na paa wa porini kwa pumzi hiyo hiyo, ingawa maandishi hayaonyeshi.

Sasa kuna jambo ambalo vitabu vingi vinalipita haraka: Kiarmenia ni viwili. Cha Mashariki ndicho cha Armenia na Iran. Cha Magharibi ni cha waliotawanyika kutoka Uturuki ya Waothmani, na utakisikia Lebanon na Syria. Jina ambalo Yerevan wanalitamka Petros, bosi wangu alilitamka Bedros, na limeandikwa vile vile. Nilikuwa najifunza kwa kitabu cha Mashariki usiku, asubuhi nikimsalimia ananijibu kwa sauti zilizobadilishana nafasi. Kwa hiyo kabla hujanunua kitabu, amua utaongea na nani. Nyenzo za Mashariki ni nyingi zaidi, na UNESCO imekiorodhesha cha Magharibi kati ya lugha zilizo hatarini.

Ukishapita hapo, mambo yanatulia. Majina hayana jinsia ya kike na kiume, "yeye" ni mmoja kama kwetu. Nomino zinabadilika mwisho: Yerevanum ni "huko Yerevan", Yerevanits ni "kutoka Yerevan". Mtu aliyezoea kusema nyumbani na sokoni hashangazwi na -um. Kitenzi nacho kina mpangilio: grum em, naandika; grum es, unaandika; chem grum, siandiki. Kuna vighairi, lakini vinazoeleka.

Kisebuano, au Bisaya kama wenyewe wanavyokiita, wiki za kwanza ni raha tupu. Silabi zao zinatulia kinywani mwetu, na neno kama ngano, yaani "kwa nini", linaanza na ng' ya ng'ombe, sauti inayowatesa Wazungu. Angalieni mkazo tu. Unaweza kubadili maana na kwa kawaida hauandikwi, kama barabara yetu ya magari na barabara ya "sawasawa", ila kwao ni maneno mengi.

Kibano ni kitenzi. Mipalit ko og sakyanan: nimenunua gari. Gipalit nako ang sakyanan: nimelinunua gari, lile tunalolijua. Kiambishi kimebadilika, na "mimi" kimebadilika kutoka ko kuwa nako, kwa sababu sasa sentensi inalihusu gari. Ukisema gipalitan nako siya, umemnunulia yeye kitu. Anayejua nunua, nunulia na nunuliwa ana pa kushikia, na hapa ndipo nasema Mswahili anamzidi Mwingereza. Ila kwetu kutendwa ni hiari. Kwao maumbo haya ya gi- ni mazungumzo ya kila dakika, lazima uchague kabla hujafungua mdomo.

Na "sisi" wanazo mbili. Chumbani mtu akisema mangaon ta, chukua sahani, umo. Akisema mangaon mi, wanakuarifu tu kwamba wao wanakwenda kula. Nilijifunza hiyo haraka kuliko sarufi yote.

Hesabu nazo mbili: za kwao, na za Kihispania kwa saa na mara nyingi bei (alas tres, baynte). Zile za kwao zitamchekesha yeyote aliyepita Madagaska: tulo, upat, lima, unom, pito, walo. Kimalagasi ni telo, efatra, dimy, enina, fito, valo. Ni ukoo mmoja, uliovuka Bahari ya Hindi.

Mkuu, kama unapenda kusoma peke yako, chukua Kiarmenia cha Mashariki. Kina dola nyuma yake, kamusi na magazeti, na Kiarmenia kwa jumla kimeandikwa kwa muda wa karne 16. Kama unapenda kuongea na watu, chukua Kisebuano. Wasemaji ni kama milioni 20, na Ghuba yote utawakuta. Vitabu ni haba, kwa sababu lugha ya taifa ya Ufilipino imejengwa juu ya Kitagalogi, kwa hiyo programu nyingi za simu zinafundisha hicho.

Na usidanganywe na Wikipedia ya Kisebuano. Ina makala zaidi ya milioni 6, lakini karibu zote zimeandikwa na roboti la Msweden mmoja, nyingi zikihusu mimea, wadudu, milima na mito kwa sentensi zile zile. Jirani zangu hawakuwa wakiifungua. Tafuta vituo vya redio vya Cebu na video za wapishi wao, na umpate mtu mmoja wa kukusahihisha ko na nako.